Ramani ya Msitu si Ramani ya Bundi

Mhadhara wa wazi uliotolewa Mulot mbele ya walimu, wanafunzi, wakulima na wazee wa pande zote mbili za mto Amala



Nimekuja kuzungumza juu ya bundi. Najua nyumba nyingi za upande huu, kama zilivyo nyingi za Kenya nzima, hazipendi kumsikia akilia juu ya paa, na mzee akiniambia kwamba bundi huleta habari za msiba sitabishana naye leo. Naomba tu mnipe muda nieleze jinsi watu walivyomtafuta bundi mmoja mdogo wa pwani yetu, anayeishi zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, na kwa nini kazi hiyo inawahusu ninyi mnaokaa chini ya misitu ya Mau, chai ikiwa juu yenu na mto ukiwa mlangoni.

Tumezoea kuhesabu misitu kwa hekta. Serikali huhesabu hekta, wafadhili huhesabu hekta, na hata sisi tunaofuatilia ndege tukiandika ripoti tunaanza na hekta. Lakini mnyama adimu hakai katika hekta. Anakaa mahali penye udongo wa namna fulani, miti ya kimo fulani, tundu la kuzalia na wadudu wa kula, na vitu hivyo vinaweza kutoweka kimoja kimoja huku hekta zikibaki zilezile kwenye karatasi. Bundi wa Sokoke, yule mdogo wa pwani, ametuonyesha jambo hilo kwa uwazi kuliko ndege mwingine yeyote ninayemfahamu katika Afrika Mashariki.

Wanasayansi walimjua mwaka 1965. S. Dillon Ripley, aliyekuwa mkuu wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, alichapisha maelezo yake mwaka 1966 na kumpa jina la Otus ireneae, kwa heshima ya Irene Morden. Ni mdogo ajabu. Urefu wake ni sentimita 16 hadi 18, na uzito wake ni kama gramu 50, yaani ukimweka kiganjani ni kama umeshika yai la kuku. Ana macho ya manjano na vishungi viwili vya manyoya kichwani. Wengine ni wa kijivu, wengine wa kahawia, na wengine wana wekundu wa chuma kilichopata kutu, nao wote ni wa aina moja. Mchana dume na jike hukaa wamebanana kwenye kichaka, chini chini, wakiwa na rangi ileile ya majani makavu na magome, na unaweza kupita hatua chache tu kutoka walipo usiwaone.

Msitu wa Arabuko-Sokoke uko kati ya Kilifi na Malindi. Una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1988 watafiti Collar na Stuart walipopanga misitu ya Afrika bara kwa umuhimu wake kwa ndege walio hatarini, Arabuko-Sokoke ulikuwa wa pili. Kwenye ramani ya kawaida umepakwa rangi moja ya kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa ingia kwa miguu ukitokea upande wa Gede, elekea magharibi. Kwanza unapita msitu wa miti mchanganyiko, wenye mibambakofi. Halafu ardhi inageuka kuwa mchanga mweupe na unaingia kwenye miti ya mirihi. Hapo ni peupe, jua linafika chini, na unaweza kumwona mtu aliye mbali. Ukiendelea, mchanga mweupe unakatika na udongo mwekundu unaanza. Mpaka wake unaonekana kwa macho, na mahali pengine unaweza kusimama mguu mmoja kwenye mweupe na mwingine kwenye mwekundu. Kwenye wekundu huo msitu unajifunga. Ni mfunda, yaani Cynometra, pamoja na muhugu na miti mingine migumu, imesongamana kiasi kwamba kutoka njiani na kuingia ndani ni kazi ya kuinama na kuchanika shati. Mvua nayo inapungua kadiri unavyoiacha bahari, kutoka milimita 1,000 hivi kwa mwaka upande wa mashariki hadi 600 hivi kaskazini-magharibi.

Bundi wa Sokoke yuko kwenye udongo mwekundu, kwenye mfunda. Kwenye mirihi, iliyo jirani kabisa, hayuko. Tena hata huko kwenye mfunda haishi kila mahali. Pale ambapo miti ni mifupi na haifiki mita tatu au nne, hasikiki. Katika mfunda mzuri watafiti wamekadiria jozi saba hadi nane kwa kila kilomita ya mraba. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba bundi huyu ana msitu wa kilomita za mraba 420, mwambie atoe msitu mchanganyiko, atoe mirihi, atoe mfunda mfupi na atoe mfunda ulioharibiwa. Kinachobaki ndicho nyumba ya bundi, na ramani ya kijani haikionyeshi.

Yamejulikanaje haya? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna vijana humu ambao wanaweza kuifanya kazi hii wao wenyewe.

Ndege anayetoka usiku, mwenye rangi ya gome, hahesabiwi kwa macho. Anahesabiwa kwa masikio. Dume huita kwa mfululizo wa milio mifupi, tuu-tuu-tuu, kwa mwendo mmoja usiobadilika, na anapoita anatangaza mipaka yake. Mtafiti huchagua njia zinazopita katika kila aina ya msitu, pamoja na zile anazodhani hazina bundi, kisha huweka vituo juu ya njia hizo. Umbali kati ya kituo na kituo uwe wa kutosha ili bundi mmoja asihesabiwe kwenye vituo viwili. Giza likishaingia anafika kituo cha kwanza, anazima tochi, ananyamaza. Kimya hicho cha mwanzo ni cha lazima, kwa sababu bundi anayeita kwa hiari yake, pale alipo, ndiye anayekuonyesha makazi yake ya kweli. Baada ya hapo ndipo unaweza kucheza mlio uliorekodiwa, kwa muda mfupi, na kusikiliza tena.

Kuna hatari katika kucheza mlio, nayo wengi hawaioni. Bundi akisikia mlio anadhani mgeni ameingia shambani mwake. Anaacha kuwinda, anakuja kumfukuza. Ukimwona amekaa juu ya mrihi mbele yako, utaandika kwamba anaishi kwenye mirihi, kumbe umemwita wewe kutoka kwenye mfunda ulio nyuma. Ndiyo maana kinachoandikwa ni mwelekeo wa mlio wa kwanza, kabla hajasogea. Unashika dira, unaandika nyuzi, unakadiria umbali, unaandika saa, hali ya upepo, mawingu na mwezi. Wasikilizaji wawili wakiwa kwenye vituo viwili kwa wakati mmoja na kila mmoja akaandika mwelekeo wake, mistari yao ikikutana kwenye ramani, hapo ndipo bundi alipo. Wakilia wawili kwa pamoja, ni wawili. Akinyamaza mmoja kisha mlio ukatoka upande mwingine, usikimbilie kuandika wawili.

Kituo ambacho hukusikia chochote nacho kinaandikwa. Ni kazi ngumu kuwashawishi vijana juu ya hili, kwa sababu ukurasa mtupu unaonekana kama usiku uliopotea. Lakini kutosikia kuna sababu nyingi: upepo, mvua iliyonyesha mchana, jike aliye juu ya mayai, au bundi aliyenyamaza tu siku hiyo. Chukua mfano. Kama mahali ambapo bundi yuko kweli tunamsikia nusu tu ya siku tunazokwenda, basi aliyekwenda mara moja atakosa nusu ya mabundi wote. Aliyekwenda mara mbili atakosa robo. Aliyekwenda mara tatu atakosa mmoja katika wanane. Mwaka 2002 mtafiti MacKenzie na wenzake walichapisha njia ya hesabu inayotumia ziara hizi za kurudia kukadiria kwa haki ni sehemu ngapi zina mnyama ingawa hakuonekana, na leo wachunguzi wa wanyama adimu duniani kote wanaitumia. Hesabu yenyewe inafanywa na kompyuta. Kinachohitaji binadamu ni kurudi mahali palepale, kwa utaratibu uleule, na kuandika kimya kwa uaminifu uleule wa kuandika mlio.

Huko Sokoke, kulipokucha, watafiti walirudi kwenye vituo vyao na kupima msitu. Urefu wa miti. Unene wa mashina kwa kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Aina za miti. Jinsi majani yanavyoziba anga. Na visiki, vya zamani na vipya. Mtafiti wetu Munir Virani, Mkenya, alikwenda mbali zaidi akawafunga baadhi ya mabundi redio ndogo na kuwafuatilia usiku kucha ili ajue eneo ambalo kila mmoja analitumia. Kanuni ya kazi hiyo ni kwamba redio isizidi asilimia chache ya uzito wa ndege, na kwa bundi wa gramu 50 maana yake ni kifaa kisichofika gramu tatu pamoja na betri na kamba zake. Chakula cha bundi nacho kilichunguzwa, nacho ni wadudu: mbawakawa, panzi, nyenje, na wale wadudu wanaofanana na vijiti vikavu.

Mwaka 1993 Virani alikadiria kwamba Arabuko-Sokoke ulikuwa na takriban jozi 1,000. Yeye na wenzake walirudia uchunguzi miaka iliyofuata, na kufikia mwaka 2008 makadirio yalikuwa takriban jozi 800. Karibu jozi moja katika kila tano ilikuwa imepotea, na katika kipindi hicho mpaka wa msitu haukusogea. Hakuna aliyegawiwa shamba ndani yake. Aliyetazama kutoka kwenye ndege, au kwenye picha ya setilaiti, aliona kijani kilekile.

Kilichokuwa kikiendelea chini ya kijani hicho ni ukataji wa mti mmoja mmoja, hasa muhugu, na huko ndiko watafiti walikonyooshea kidole. Muhugu ni mti mgumu, mzito, wenye harufu nzuri, usioliwa na mchwa, na wachonga vinyago wanaupenda kwa sababu unashika alama ndogo kabisa ya patasi. Twiga na vifaru wengi wa mbao waliopambwa kwenye sebule za Ulaya walitoka kwenye miti hiyo. Mkataji haitaki miti yote. Anataka muhugu ulionyooka, wenye umri, akiuangusha anavunja na vichaka vinavyouzunguka, anaukokota mpaka njiani, na njia aliyoifungua anaitumia wa pili. Msitu unabaki msitu. Lakini ile miti mikubwa, ambayo kwa uzee wake ndiyo inayopata matundu, haipo tena, na kile kichaka kizito ambamo bundi hujificha mchana kimepasuliwa. Nasema kwa uchungu kwamba ripoti inayopima hekta peke yake ingeandika miaka hiyo yote kuwa miaka ya mafanikio.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba bundi huyu haishi popote pengine duniani. Mwaka 1992 akasikika Tanzania, kwenye misitu ya vilima vya chini vya Usambara Mashariki, zaidi ya kilomita 200 kutoka Sokoke. Huko mvua ni nyingi zaidi, miti ni mirefu zaidi, na bundi ni wachache zaidi kwa kilomita ya mraba. Hakuwa amehamia. Alikuwepo siku zote, na kilichobadilika ni kwamba watu walikwenda usiku wakasikiliza. Baadaye alijulikana pia Dakatcha, kaskazini mwa Sokoke, kwenye vichaka vya mfunda vilivyo nje ya msitu wa serikali kabisa, mahali ambapo baadaye kulikuja mpango wa kupanda mibono kaburi kwa ajili ya mafuta ya mitambo. Wanakijiji na watu wa shirika la Nature Kenya waliupinga mpango huo, na moja ya silaha zao ilikuwa orodha ya ndege waliothibitishwa kuwa hapo. Mahali pasipo na orodha hapana silaha hiyo.

Kongo ya mashariki ina mfano mkali zaidi wa ndege aliyekuwepo bila kuonekana. Bundi wa Itombwe alijulikana kwa ndege mmoja tu aliyepatikana mwaka 1951, kisha ikapita miaka 45 hadi mwingine akanaswa kwenye wavu katika milima hiyohiyo ya Itombwe mwaka 1996. Kwa watu waliokuwa wakisoma vitabu, katika miaka hiyo yote bundi huyo alikuwa mzoga ndani ya droo ya makumbusho.

Na kuna kisiwa cha Pemba, ambacho wakulima wa zao la biashara kama ninyi mnapaswa kukijua. Pemba ina bundi wake mdogo asiyepatikana kwingine duniani. Anaishi kwenye msitu wa Ngezi, lakini pia anaishi kwenye mashamba ya mikarafuu. Mkulima wa karafuu anachuma vikonyo na kuuacha mti usimame. Mkarafuu unakuwa mrefu, unatoa kivuli, unazeeka hapo hapo. Chai haiko hivyo. Chai tunaipogoa ibaki kimo cha kiuno ili mchumaji aifikie, na shamba zuri la chai ni lile lililo sawa juu kama meza. Bundi anaweza kuruka juu yake usiku akitafuta panya, lakini hawezi kuzaa ndani yake. Sisemi hivi kuilaumu chai. Chai ndiyo imelipa karo za watoto wengi walio katika chumba hiki. Nasema hivi ili tujue kwamba katika nchi ya chai kila kitu kinategemea kile kinachoachwa katikati ya chai na kando yake.

Sasa tuje nyumbani. Mau ni mkusanyiko wa misitu 22, na ukubwa wake wote ni kama hekta 400,000. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 61,000 zilitolewa zisiwe msitu tena, zaidi ya 22,000 kati ya hizo zikitoka South West Mau, ule msitu ulio juu ya Bomet na Kericho. Kikosi kazi cha Waziri Mkuu kuhusu Mau kilitoa ripoti yake mwaka 2009, na mnajua uhamishaji wa watu uliofuata, kwa sababu wengine wenu mna ndugu walioguswa. Siingii huko. Kabla ya hapo, mwaka 1986, shirika la Nyayo Tea Zones lilianzishwa ili kupanda ukanda wa chai kando ya misitu ya serikali, uwe kama ua. Kwenye mashamba makubwa ya Kericho mito mingi imeachiwa vipande vyake vya msitu wa asili pande zote mbili, na asubuhi mnawasikia mbega humo. Halafu kuna mikaratusi, hekta kwa hekta, inayokuzwa kwa ajili ya moto wa viwanda vya chai.

Katika nchi hii kuna mabundi wa msitu. Mnayemjua zaidi ni yule wa kahawia anayeitikiana na mwenzake usiku, huu-hu, hu-hu-hu, na anavumilia hata vipande vya miti karibu na nyumba. Msiyemjua sana ni bundi mdogo wa kifua chekundu, Glaucidium tephronotum. Ana kichwa cha mviringo kisicho na vishungi, urefu usiozidi sana ule wa bundi wa Sokoke, na mkia mweusi wenye madoa meupe. Ni ndege wa misitu ya Kongo na Uganda anayefika kwetu magharibi mwa Kenya: Kakamega, Nandi, Mau. Anaita kwa mluzi, mmoja mmoja, mara nyingi mchana pia, hasa asubuhi mapema na jioni. Anazaa kwenye matundu ya miti. Mkisikia ndege wadogo wanapiga kelele kwa hasira juu ya mti mmoja msituni, simameni mtazame vizuri, huenda wamemgundua.

Swali ninalowaachia ni lile lile lililoulizwa Sokoke: katika kijani chote hiki, bundi huyu anatumia sehemu gani? Je, ni ndani tu ya South West Mau, penye podo na miti minene, au anafuata pia vile vipande vya msitu kando ya mito katikati ya chai? Kipande kiwe na upana gani ndipo akubali kukaa? Anaupita mkaratusi, au anaishia hapo? Mtu wa Kericho anayetaka kujua kama ukanda wa mto wa mita kadhaa una faida kwa mnyama wa msitu hahitaji kuagiza jibu kutoka Ulaya. Anahitaji vituo, daftari na watu wa kurudi.

Kuna mradi mzuri wa kuanzia, Kenya Bird Map, unaopokea orodha za ndege kutoka kwa mtu yeyote kwa miraba ya kilomita tisa kwa tisa hivi. Nautetea sana. Lakini elewa unachokisema unapoweka alama. Mraba mmoja una zaidi ya kilomita za mraba 80, na hapa kwetu mraba mmoja unaweza kuwa na msitu, chai, mikaratusi, mahindi na soko. Alama inasema bundi yumo ndani ya mraba. Haisemi kwamba yuko kwenye mahindi. Kwa hiyo kwa kazi yetu andikeni pia mahali hasa, na mlikuwa mmesimama kati ya miti gani.

Serikali imetangaza kwamba tutapanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Naunga mkono kupanda. Lakini mkaratusi wa kuni hukatwa ungali kijana, kabla haujapata tundu hata moja, na mche wa podo tulioupanda leo hautakuwa na tundu katika maisha ya mtu yeyote aliye humu. Mti wenye tundu tulio nao sasa hauna mbadala wa kununua kwenye kitalu. Kwa maoni yangu, kila chama cha jamii cha msitu kinapoulizwa kimepanda miche mingapi, kiulizwe pia kimelinda miti mizee mingapi, na kila mmoja uwe umeandikwa mahali ulipo.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mnaweza kulibadilisha bila kungoja mtafiti. Sheria inaruhusu kuokota kuni za miti mikavu msituni kwa kulipa ada. Ni haki, na mama anayepanda mlimani kutafuta kuni hana lawama. Lakini mti mkavu uliosimama, wenye mashimo yaliyotobolewa na vigong'ota, ndiyo nyumba ya uzazi ya bundi mdogo na ya ndege wengine wengi. Nawaomba viongozi wa vyama vya msitu walio hapa mkubaliane na maofisa wa Huduma ya Misitu ya Kenya: mikavu iliyolala chini ichukuliwe, na iliyosimama ikiwa na matundu itiwe alama ya rangi isikatwe.

Juu ya kwenda kusikiliza, nina maagizo machache. Hakuna anayeingia South West Mau usiku peke yake. Kuna ndovu humo, na ruhusa ya Huduma ya Misitu ni ya lazima, pamoja na askari wa msitu mwenye kuijua njia. Wanafunzi waanze na asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa mbili, kwa sababu bundi wa kifua chekundu anaita mchana na kazi itawezekana bila giza. Vituo viwe vya namna tatu, msitu wa ndani, ukanda wa mto katikati ya chai, na mikaratusi, na idadi iwe sawa kwa kila namna, hata kama mnaona mikaratusi ni kupoteza muda. Kila kituo kitembelewe asubuhi tatu tofauti. Mlio uliorekodiwa msiucheze karibu na nyumba ya mtu kabisa. Kwanza ni kumkosea heshima mwenye nyumba, hasa mahali ambapo sauti hiyo inahesabiwa kuwa ya msiba, na pili mtu aliyeogopeshwa atamtafuta bundi kwa jiwe kesho yake. Kabla ya kuweka kituo chochote karibu na kijiji, nendeni kwa chifu na kwa wazee, mweleze mnachofanya. Mzee aliyechunga ng'ombe kando ya msitu huo tangu utoto anajua ni mti gani wenye tundu, na ni upande gani sauti ilikuwa ikitoka zamani ambako sasa haitoki. Maneno yake yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe.

Mwalimu aliyekaa pale mlangoni ana orodha ya majina. Anayetaka kushiriki aandike jina, shule au kijiji chake, na kipande cha msitu kilicho karibu naye zaidi. Tutagawana vituo kwa kufuata orodha hiyo, na wa kwanza watakuwa wale wa juu ya mto, wanaopakana na msitu wenyewe. Sasa nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wazee.